Kila Pishi na Hesabu Yake: Fedha za Blogu ya Mapishi ya Kiswahili kwa Mwaka Mzima

Anayetaka kujua blogu ya mapishi inaingiza kiasi gani kwa mwezi, kwanza ajue pishi moja linamgharimu kiasi gani hadi likasomeka. Bila hilo, hesabu ya mwezi haina pa kusimama.

Chukua vitumbua. Jaribio moja linakula mchele nusu kilo, nazi mbili, sukari robo, mafuta nusu lita, pakiti ya hamira, iliki na gesi. Kwa bei za kukadiria za Dar es Salaam naandika 1,500, 3,000, 800, 3,000, 700, 1,000 na 1,000. Jumla ni TSh 11,000. Pishi haliandikwi kwa jaribio moja. Mimi napangia matatu: la kwanza kutafuta vipimo, la pili kuvihakiki, la tatu kwa ajili ya picha. Hizo ni 33,000. Ongeza bando la kupandisha picha na nauli ya sokoni, tuseme 5,000, unafika TSh 38,000 kabla hujajilipa hata senti kwa siku mbili za kazi.

Usijaribu kuokoa fedha kwa kufuta jaribio la pili. Nazi mbili za fungu moja zinaweza kutoa tui la viwango viwili tofauti, kwa hiyo "tui la nazi mbili" si kipimo. Pima kwa mililita: nusu kilo ya mchele uliolowekwa usiku kucha, mililita 400 za tui, ukibakiza kidogo la kurekebishia. Tui likizidi, kitumbua kinalala bapa na kunywa mafuta. Likipungua, nje kinaungua na ndani kinabaki kibichi. Mchele usiposagika vizuri, kinakuwa na chenga, na tui la moto linaua hamira kabla haijafanya kazi. Kikombe nacho kitajwe ujazo wake, mililita 250, na mchele uandikwe kwa gramu, kwa sababu kikombe cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine. Msomaji aliyemwaga nusu kilo ya mchele kwa kipimo chako harudi, na blogu ya mapishi inaishi kwa wanaorudi.

Sasa upande wa mapato. Matangazo hulipwa kwa kiwango kinachoitwa RPM, yaani unachopata kwa kila mitazamo 1,000. Kiwango hicho hufuata mahali msomaji alipo kuliko ubora wa pilau lako. Nambari ninazotumia kupangia ni senti 80 za dola kwa msomaji wa Tanzania na Kenya, na dola 12 kwa aliye Marekani au Uingereza. Zako zitakuwa tofauti kidogo, lakini pengo litakuwepo. Chukua mitazamo 10,000, ambapo 9,000 ni ya nyumbani na 1,000 ya ughaibuni. Ya nyumbani inaleta dola 7.20, ya ughaibuni dola 12. Sehemu moja ya kumi ya wasomaji imeleta zaidi ya asilimia 60 ya fedha. Wastani wako umekuwa dola 1.92 kwa elfu.

Dola ikiwa TSh 2,500, mitazamo elfu moja ni TSh 4,800. Vile vitumbua vya 38,000 vinahitaji karibu mitazamo 8,000 kurudisha gharama. Kama wasomaji wote wako nyumbani, vinahitaji 19,000. Ndiyo maana nashauri kila pishi libebe mstari au miwili kwa aliye mbali: kama hapati nazi ya kukuna, atumie tui la kopo la aina gani na aongeze maji kiasi gani, kama hana chuma cha vitumbua, atumie kikaango gani. Mistari hiyo ndiyo inayomleta msomaji wa Leicester au Minneapolis, na ndiye anayelipia gesi yako.

Gharama zisizobadilika ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani, ila zina mtego. Domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, ni kama dola 15 kwa mwaka, programu-jalizi ya kadi ya mapishi (kile kisanduku cha viungo, muda na hatua ndani ya ukurasa) kama dola 50, na hostingi, yaani nafasi ya kuhifadhia tovuti mtandaoni, niweke dola 100. Hostingi ndiyo yenye mtego: bei ya mwaka wa kwanza ni chambo, na unapohuisha inaweza kupanda mara mbili au tatu. Soma bei ya kuhuisha kabla ya kulipa ya kuanzia. Kwa jumla ya dola 165 na wastani ule wa 1.92, mitazamo 86,000 ya mwaka inaishia kulipa pango tu la tovuti. Tarehe ya kuhuisha isiangukie Januari. Sababu naieleza mbele kidogo.

Kadi ya mapishi si pambo. Ndiyo inayoipa Google data ya pishi kwa mpangilio inaoutaka: jina na picha ni lazima, na muda uandikwe kwa mtindo wa PT1H15M, yaani saa moja na dakika 15. Kosa ninaloliona sana ni kuandika muda wa kuloweka mchele ndani ya muda wa kupika. Msomaji anayetaka kitu cha haraka anaona saa 12 na kupita. Picha nazo zibanwe zisizidi kilobaiti 150 hivi kila moja, maana msomaji wako yuko kwenye bando la siku, na ukurasa mzito unafungwa kabla tangazo halijaonekana.

Fedha ya AdSense, mpango wa Google wa kuweka matangazo kwenye tovuti, inachelewa, na ucheleweshaji huo uingie kwenye mpango. Mapato yakifika dola 10, Google hutuma namba ya siri kwa barua ya posta. Ndiyo, barua ya karatasi. Anwani iliyoandikwa kwa jina la mtaa bila sanduku la posta ni njia ya kuipoteza, kwa hiyo tumia sanduku unalolifungua kweli, hata kama ni la kazini au la mzazi. Isipothibitishwa ndani ya miezi minne, matangazo yanasimama. Malipo hutoka ukifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Kwa hesabu yetu hiyo ni mitazamo 52,000. Benki inayopokea hukata ada, na benki ya katikati inaweza kukata yake, kwa hiyo fungua akaunti ya dola na ujipandishie mwenyewe kiwango cha malipo hadi dola 300, ili ada ikatwe mara moja badala ya mara tatu.

Na tafadhali, usiombe ndugu kwenye kundi la WhatsApp "wakusaidie kubofya". Mibofyo ya huruma inaonekana wazi kwenye mfumo. Akaunti inafungwa na fedha inarudishwa kwa watangazaji.

Kodi isiachwe kwa baadaye. Kenya hukata asilimia 5 ya mapato ya maudhui ya kidijitali kwa mkazi tangu Julai 2023, na Tanzania ilileta zuio la asilimia 5 kwa Sheria ya Fedha ya 2024. Anayekulipa ndiye anayekata. Wewe dai cheti cha zuio, la sivyo fedha hiyo haitahesabika unapojaza ritani. Mwenye chaneli ya YouTube ajaze fomu ya kodi ya Marekani mapema. Nchi zetu hizi mbili hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo asilimia 30 ya sehemu inayotokana na watazamaji wa huko itakatwa, lakini asiyejaza anaweza kukatwa asilimia 24 ya mapato ya dunia nzima. Kwa Tanzania kuna pia TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliweka leseni ya TSh 1,000,000 kwa mwaka, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Usitegemee bei uliyoisikia mwaka ule. Waulize blogu ya mapishi inaangukia kundi gani kabla hujalipia domeini.

Sasa mwaka wenyewe. Blogu ya mapishi ya Kiswahili ina kalenda mbili ambazo hazipatani. Kalenda ya watangazaji wa dunia hupanda Oktoba hadi Desemba na kuanguka Januari, bajeti mpya zikiwa bado zimefungwa. Ndiyo sababu ya kutoweka bili Januari. Kalenda ya jikoni letu inaongozwa na Ramadhani. Wasomaji huanza kutafuta futari wiki mbili tatu kabla ya mwezi kuandama: kaimati, sambusa, katlesi, uji wa pilipili manga, mkate wa kumimina. Ndani ya mwezi, wengi huingia kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni. Likifika kumi la mwisho, futari inashuka na biskuti na visheti vya Idd vinapanda ghafla. Pishi linahitaji kama wiki nane mtandaoni ili Google ilijue. Ukiandika kaimati Ramadhani imeshaanza, unawaandikia wa mwaka ujao.

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa miladi. Mwaka 2026 inaanza katikati ya Februari, 2027 wiki ya pili ya Februari, 2028 mwishoni mwa Januari, 2029 katikati ya Januari. Yaani wasomaji wako wengi kuliko wote watakuwa wanakuja wakati ambao matangazo ya Google yanalipa kidogo kuliko wakati wote. Kwa miaka hii mwezi mtukufu usiupangie matangazo. Upangie kampuni za hapa hapa, za unga, mafuta, maziwa na viungo, ambazo bajeti yao inafuata Ramadhani na si Krismasi.

Zifuate miezi mitatu kabla. Mkataba utaje idadi ya picha, marekebisho yasizidi mawili, picha zitumike kwa miezi mingapi, na kama unazuiwa kufanya kazi na mshindani, kwa muda gani. Dai nusu kabla ya kwenda sokoni, kwa sababu nusu iliyobaki inaweza kukaa siku 60 hadi 90 huku nyama uliinunua taslimu. Kenya, ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi: tangu Januari 2024 kampuni bila hiyo haiwezi kudai gharama hiyo kwenye kodi, na wengi hawatakulipa.

Uza pia kijitabu cha futari. Nakala 40 kwa TSh 5,000 kwa Lipa Namba ni 200,000, sawa na mitazamo 41,000 na ushei. PDF itasambaa kwenye makundi, hilo lipo. Kuandika jina la mnunuzi chini ya kila ukurasa kunapunguza sana.

Mfunguo Mosi, baada ya Idd, ndio mwezi wa matengenezo: fungua pishi 10 zilizosomwa zaidi, jibu maswali ya wasomaji ndani ya pishi lenyewe, badilisha picha mbovu. Na kwenye kalenda ya mbele weka alama kwenye 2030, kwa maana Ramadhani itaandama mara mbili mwaka huo, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na tarehe 26 Desemba. Futari za ile ya kwanza ziwe mtandaoni mwanzoni mwa Novemba 2029, na za ile ya pili zisivuke Oktoba 2030.