Ruzuku ya Reli Ilipie Nini Hasa?

Serikali ikitaka kuhamisha shehena kutoka barabarani, mara nyingi hukimbilia kununua vichwa vya treni na mabehewa. Mimi ningeanzia kwingine. Treni ikishashika mwendo, gharama ya tani kwa kilomita huwa ndogo. Kinachoiumiza reli ni miisho ya safari: kontena linyanyuliwe kwa kreni kupanda behewani, linyanyuliwe tena kushuka, kisha likodiwe lori la kulifikisha ghalani. Gharama hizo hazipungui hata safari ikiwa fupi, ndiyo maana lori hushinda kwenye masafa mafupi.

Uingereza ilishughulikia miisho hiyo kwa njia mbili. Sheria ya Reli ya 1974 iliruhusu ruzuku ya ujenzi: njia ya pembeni inayoingia kiwandani, kreni, yadi ya kupakulia. Mwaka 2010 ukaanza mpango wa Mode Shift Revenue Support wa kuchangia gharama za uendeshaji. Kwa upande wa kontena, malipo yalifuata idadi iliyosafiri kati ya kanda na kanda. Pasipo kontena, hapana hela.

Hesabu yake ni ya kuigwa. Kwanza, pima pengo kati ya bei ya reli na ya lori. Pili, thaminisha faida ya kuliondoa lori: foleni, ajali, moshi, uchakavu wa lami. Usilipe zaidi ya pengo, wala zaidi ya faida.

Kosa kubwa ni kulipia mzigo ambao ungepanda treni hata bila msaada. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya waliukuta udhaifu huo mwaka 2013 katika Marco Polo, mpango wa Umoja huo wa kuhamisha shehena kutoka barabarani. Kwa hiyo mdai mwombaji mkataba wake wa sasa wa lori na nukuu za bei kabla ya kusaini, na uweke kifungu cha kurudisha fedha endapo shehena iliyoahidiwa haitafika.

Ruzuku peke yake, hata hivyo, hailishindi lori linalotumia barabara kwa bei ya chee. Tangu 2001 Uswisi hutoza malori ya zaidi ya tani 3.5 kwa umbali, uzito na kiwango cha moshi, na sehemu kubwa ya mapato imejenga reli. Hata hivyo, lengo lao la malori yasiyozidi 650,000 kwa mwaka kuvuka milima ya Alps bado halijafikiwa.

Kabla ya kuidhinisha yadi yoyote, pima urefu wa njia zake. Treni ya mita 740 ikikuta njia ya mita 400 itakatwa vipande viwili, na muda wa kuipanga upya utakula ruzuku yote.