Je, zawadi humfanya mtoto apende kusoma?

Siku ya zawadi ikikaribia katika shule za Kisumu, utasikia mzazi akisema: "Mwahidi baiskeli, utaona atakavyosoma!" Imani hii ni ya miaka mingi, na ni nusu kweli tu. Mwaka 1973, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake wawili huko Marekani walichunguza watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Baadhi waliahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe. Baadaye, kalamu za rangi zilipowekwa mezani bila ahadi, hao ndio waliochora kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupoteza hamu. Kwa hiyo tatizo ni lile sharti, wala si zawadi yenyewe. Na kwa mtoto asiyependa hesabu hata chembe, sioni baiskeli itaharibu nini.