Je, daktari anaruhusiwa kumsaidia mgonjwa kufa? Maswali na majibu

Kusaidiwa kufa na daktari ni jambo gani hasa?

Mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauponi tena anaomba dawa ya kukatisha uhai wake. Daktari anamwandikia, na mgonjwa anainywa kwa mkono wake mwenyewe. Daktari mwenyewe akimchoma mgonjwa sindano ya kumuua, hiyo ni eutanasia. Jimbo la Oregon, Marekani, linaruhusu la kwanza na kukataza la pili. Uholanzi tangu 2002 na Kanada tangu 2016 zinaruhusu yote mawili.

Huko Oregon wanazuiaje watu wasisukumwe kufa?

Wapiga kura waliipitisha sheria hiyo mwaka 1994 kwa kura chache tu zaidi ya nusu, ikaanza kutumika 1997 baada ya kesi mahakamani. Mgonjwa awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe na akili timamu, na madaktari wawili wathibitishe kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi sita. Aombe kwa mdomo mara mbili, siku 15 zikipita katikati (tangu 2020 muda huo unaweza kuondolewa kwa aliye karibu kabisa na kifo), kisha aombe kwa maandishi mbele ya mashahidi wawili. Daktari akihisi kwamba sonona (huzuni nzito iliyo ugonjwa) au ugonjwa mwingine wa akili unavuruga uamuzi wake, lazima ampeleke kwa mtaalamu.

Kuna jambo katika taarifa za kila mwaka za jimbo hilo ambalo watu wengi hawalitegemei. Sababu zinazotajwa zaidi ni mgonjwa kutoweza tena kujiamulia mambo yake na kushindwa kufanya yale yaliyompa raha; maumivu yako chini kwenye orodha. Tena takriban theluthi moja ya wanaoandikiwa dawa hawainywi. Wagonjwa hao, wengi wao wakiwa na saratani, karibu wote tayari wanapata tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na mahangaiko ya mgonjwa asiyepona. Mtu wa kwetu anayelia usiku kucha kwa saratani ya kizazi bila hata tone la mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hayuko katika hali hiyo, na akisema anataka kufa, siamini kwamba tumeshamsikia anachoomba.

Sheria za Kenya na Tanzania zinasemaje?

Zinakataza. Nchini Kenya, kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu kinasema anayemshawishi au kumsaidia mtu kujiua anaweza kufungwa maisha. Kifungu cha 213 kinakwenda mbali zaidi: aliyeharakisha kifo cha mgonjwa anahesabiwa kuwa amekisababisha, hata kama ugonjwa ungemuua hatimaye. Ridhaa ya mgonjwa haimwokoi daktari wala ndugu. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, chini ya kifungu cha 226, kunapingana na Katiba. Kumsaidia mwingine bado ni kosa. Tanzania nayo inahesabu kumsaidia mtu kujiua kuwa kosa la jinai.

Tukikubali mzee aondolewe mashine ya kupumulia, tumemuua?

Hapana, ikiwa madaktari wameona mashine haimsaidii tena. Hapo ugonjwa ndio unaoua, nanyi mmeacha kuuzuia kwa kitu kisichofaa tena. Mgonjwa mwenye akili timamu pia ana haki ya kukataa tiba. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inaitambua. Waislamu wengi huniuliza kuhusu aya ya 29 ya sura An-Nisaa, inayokataza watu kujiua. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Amman mwaka 1986, iliruhusu mashine iondolewe pale ubongo wote unapokuwa umekufa.

Nesi amesema mama aanzishiwe mofini. Si ndiyo dawa ya kumaliza watu?

Siyo, na natamani kila familia iulize swali hili mapema. Mofini ikianza kwa dozi ndogo na kuongezwa polepole kulingana na maumivu, haimwondoi mgonjwa. Wengi hupewa wakiwa wameshafika siku za mwisho, ndiyo maana lawama zote huangukia chupa ya mofini.

Kimaadili kinachopimwa ni nia pamoja na kipimo: anayetoa dozi inayotosha kutuliza hajatenda sawa na anayetoa dozi ya kuua. Mwaka 1957 Papa Pio wa XII aliwaambia madaktari kwamba kutuliza maumivu kunaruhusiwa hata kama huenda dawa ikafupisha maisha, mradi kifo si lengo.

Uganda ilituonyesha njia. Hospice Africa Uganda, shirika la tiba shufaa lililoanzishwa na Dkt. Anne Merriman mwaka 1993, ilianza kukoroga unga wa mofini katika maji ili mgonjwa anywe nyumbani, na tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuiandika. Dar es Salaam, ulizia Taasisi ya Saratani Ocean Road. Nairobi, ipo Nairobi Hospice. Nyumbani, mlezi huvuta kiasi alichoandikiwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, humnywesha kila baada ya saa nne, na dozi ya kulala mara nyingi huwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane. Usumbufu mkubwa ni choo kigumu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo.

Baba anasema, “Niacheni nife, nimechoka.” Nimjibuje?

Usimkemee wala usimkatize kwa “Mungu ni mwema, baba.” Muulize kinachomchosha zaidi: maumivu, kukosa hewa, aibu ya kuogeshwa na wakwe, au deni la hospitali analoona anawaachia. Kisha mweleze daktari maneno hayohayo aliyoyasema, bila kuyapunguza, na uombe apimwe sonona, kwa sababu inatibika hata kwa mtu asiyepona. Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake, dawa zote zifungiwe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.