Mkono kama kifaa cha kupimia: dhana potofu kuhusu kufundisha sayansi kwa kugusa

Mawe, mbegu, magamba na udongo huingia darasani kwa urahisi, lakini mara nyingi huishia kuwa mapambo ya meza. Tatizo ni kwamba mkono hauchukuliwi kama kifaa. Kila kifaa kina namna yake ya kutumiwa, na kina makosa yake.

"Kugusa ni kwa watoto wa chekechea, au kwa wasioona."

Geerat Vermeij alipofuka akiwa na miaka 3, akaja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Davis. Magamba ya konokono wa baharini ameyasoma kwa vidole, yakiwemo makovu ya mahali ambapo kaa alijaribu kulivunja gamba akashindwa, na konokono akaliziba. Ushahidi wa aina hiyo ulimsaidia kujenga hoja nzito kuhusu jinsi mwindaji na windo wanavyosukumana kubadilika kwa mamilioni ya miaka. Hiyo si sayansi ya chekechea. Na mwanafunzi anayeona naye ana vidole hivyohivyo, ila hajafundishwa kuvitumia.

"Wape kitu washike, watajifunza wenyewe."

Hii ndiyo inayoharibu vipindi vingi. Mwanafunzi anashika, anasema "jiwe", anaweka chini. Jina likishatajwa, uchunguzi umekufa.

Mwaka 1987 wanasaikolojia Susan Lederman na Roberta Klatzky walionyesha kwamba mkono una miondoko tofauti kwa kila sifa inayotafutwa. Kujua uso wa kitu, vidole hupapasa huku na huku. Kidole kilichotulia hakihisi vizuri mikwaruzo midogo. Kujua ugumu, hubonyeza. Kujua ubaridi, kiganja hutulia juu ya kitu bila kusogea. Uzito hupimwa kwa kukiinua kitu bila kukiegemeza popote, umbo la jumla kwa kukikumbatia kwa vidole vyote, na umbo kamili kwa kufuata kingo zake kwa ncha ya kidole. Miondoko hii ifundishwe mmoja mmoja kabla ya kugawa vitu.

Kisha tumia mfuko wa kitambaa usiopitisha mwanga. Weka ndani vitu viwili vinavyokaribiana, kwa mfano magome ya miti miwili tofauti. Jiwe na unyoya havimpi mtu kazi. Sekunde 60 za kupapasa, na jina ni marufuku mpaka maneno matano ya sifa yaandikwe. Hapa lugha yetu ina mtego wake: "laini" ni uso usiokwaruza, na "laini" ni kitu kinachobonyea. Usilipokee neno hilo bila kuuliza: laini kama kioo, au laini kama pamba? Swali hilo peke yake huwalazimisha kurudisha mkono mfukoni.

"Chuma ni baridi kuliko ubao."

Laza chuma, jiwe na ubao katika chumba kimoja usiku kucha, kisha vipime. Joto ni lilelile. Ngozi haisomi moja kwa moja joto la kitu. Inachohisi zaidi ni kasi ya joto kutoka au kuingia mwilini. Chuma hulinyonya joto la kidole na kulisambaza haraka, ubao hulizuia palepale juu, na jiwe liko katikati.

Jaribio hili hufeli kwa sababu mbili, na zote ni somo zuri. Ya kwanza: ngozi ya mkono huwa na takriban nyuzijoto 33 za Selsiasi. Chumba kikifikia hapo, joto halina pa kukimbilia, na tofauti kati ya chuma na ubao karibu inapotea. Lifanye asubuhi na mapema. Ya pili: kipimajoto cha kuelekeza, kile cha infraredi, hudanganywa na chuma kinachong'aa kwa sababu chuma hicho huakisi mionzi ya vitu vilivyokizunguka. Bandika kipande cha utepe wa karatasi juu ya chuma, subiri dakika chache, pima juu ya utepe.

"Mkono ni mizani."

Chukua makopo mawili yenye vifuniko, moja dogo na moja kubwa. Weka mchanga, na lile kubwa lishindilie nyasi kavu ili mchanga usicheze, mpaka kila moja liwe na gramu 300 kamili. Karibu wote watasema dogo ni zito zaidi. Waonyeshe mizani, wanyanyue tena: hisia haibadiliki hata baada ya kujua ukweli. Basi kila kadirio la mkono liandikwe kabla ya kupima, si baada.

"Jiwe lililoacha mstari ndilo gumu."

Ugumu wa jiwe hupimwa kwa kulikwaruza kwenye kioo au jiwe jingine, lakini mstari unaobaki si lazima uwe mkwaruzo. Mstari mweupe unaweza kuwa unga wa jiwe lenyewe lililo laini. Futa kwa kidole chenye maji, kisha pitisha ukucha kukatiza pale palipokuwa na mstari. Ukucha ukikwama, ni mkwaruzo wa kweli. Ukiteleza, ulikuwa unga. Katika kipimo cha ugumu cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, ambacho huenda kutoka 1 hadi 10 na chenye namba kubwa hukwaruza chenye namba ndogo, ukucha uko karibu na 2.5, madini ya kalsiti 3, kioo karibu 5.5 na madini ya kwatzi 7. Kioo kilazwe mezani, kisishikwe mkononi. Pima kwenye uso mpya uliovunjika, maana ganda lililochakazwa na jua na mvua ni laini kuliko kiini. Na jiwe la mchanga lisikupotoshe: chembe zake huweza kuwa za kwatzi, ila kinachoachia ni gundi inayozishikanisha.

"Kitu cha asili hakina madhara."

Mbegu za mbarika na zile nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali zikitafunwa; zisiingie darasani kabisa, hata kama zinapendeza. Galena, jiwe zito linalong'aa, ni madini yenye metali ya risasi (ledi), ambayo ni sumu: waliolishika wanawe mikono kwa sabuni. Kuonja mawe hakuruhusiwi, na kunusa kufanywe kwa kupunga hewa kuelekea puani. Uliza mapema nani ana mzio. Viota vitupu na mbegu vifungwe kwenye mfuko na kugandishwa siku kadhaa kwa nyuzi -18 ili wadudu wafe. Chenye ukungu kitupwe, kwa kuwa barafu haiui ukungu. Huulaza tu mpaka kipate joto tena.