Nauli Imepanda: Anza Kupunguza Kwenye Gari la Pili

Abiria anayepanda magari mawili kwenda kazini huumizwa zaidi na lile la safari fupi. Karibu kila mfumo wa mabasi una nauli ya chini, ambayo hulipwa hata na anayeshuka kituo kinachofuata. Mishahara, matengenezo na muda wa kusimama vituoni havipungui kwa sababu tu umekwenda karibu. Ndiyo maana kilomita moja na nusu inaweza kukugharimu zaidi ya nusu ya nauli ya kilomita kumi na tano.

Kwa hiyo, kabla ya kubadili chochote, andika safari yako kipande kwa kipande. Tuseme gari la kwanza ni 10 na la pili ni 6, kwa sarafu yoyote. Kwenda na kurudi ni 32. Kwa siku 22 za kazi ni 704. Kile kipande kifupi peke yake kimekula 264. Nauli zote zikipanda kwa asilimia 20, jumla inakaribia 845. Ukiamua kukitembea, utalipa 528, pungufu hata ya ulichokuwa ukilipa kabla ya nauli kupanda.

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita moja na nusu kwa dakika 18 hadi 22. Usizilinganishe na muda ambao gari linakimbia tu. Hesabu pia kusubiri kituoni na foleni. Mara nyingi tofauti ni dakika chache. Viatu vya ofisini vibebe kwenye begi. Kama jioni njia ina giza, tembea asubuhi na urudi kwa gari. Nusu ya akiba bado ni yako. Ila barabara kuu isiyo na njia ya waenda kwa miguu iache kabisa, kwani hakuna nauli inayostahili hatari hiyo.

Usipoweza kutembea, uliza kama mfumo wenu unaruhusu kuunganisha mabasi kwa nauli moja. Jijini London, kwa mfano, tangu 2018 abiria anaweza kubadili mabasi mara nyingi apendavyo ndani ya saa moja kwa nauli ya basi la kwanza. Kinachowaponza wengi kwenye mipango ya aina hii ni kulipa kwa kadi moja mwanzoni na simu baadaye: mashine huwahesabu kama abiria wawili. Na pale nauli inapotozwa kwa umbali, ukisahau kugusisha kadi wakati wa kushuka unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa ya njia hiyo.

Tiketi ya mwezi inasifiwa kuliko inavyostahili. Gawa bei yake kwa nauli ya safari moja. Ikiwa tiketi ni 480 na nauli ni 12, inaanza kulipa baada ya safari ya 40. Anayekwenda kazini siku 22 hufanya safari 44, basi faida yake ni safari nne tu, na sikukuu mbili zinaimaliza. Anayefanyia kazi nyumbani siku moja kwa wiki hubakiwa na safari 36 hivi. Huyo akinunua tiketi hiyo anapata hasara ya 48. Kuikopea fedha zenye riba ndiyo mbaya zaidi.

Kwa mwajiri, ombi la zamu hupokelewa vizuri kuliko ombi la posho. Kuingia saa moja mapema hakumgharimu kitu, nawe unapata basi lenye nafasi, na katika miji yenye nauli nafuu nje ya saa za msongamano unalipa kidogo. Nenda na hesabu yako kwenye karatasi.

Jambo la mwisho ni nauli isiyo halali. Siku za mwanzo baada ya mabadiliko, baadhi ya makondakta huongeza zaidi ya kiwango kilichotangazwa, au hukatisha njia ili ulipe mara mbili. Piga picha jedwali la nauli la mamlaka na ulihifadhi kwenye simu. Ukizidishiwa, dai risiti, kisha andika namba ya gari, njia, saa na kiasi ulicholipa kabla hujashuka. Malalamiko yasiyo na namba ya gari ni vigumu kufuatiliwa.