"Wamekuja bila maji!" Na mengine yasemwayo kuhusu askari wa zimamoto

Nyumba inaungua, watu wamejaa njiani, simu zinarekodi, na gari jekundu linakata kona kuingia mtaani. Askari hawajateremka, tayari kuna aliyepaza sauti: "Wamechelewa, na maji hawana!" Mara nyingine jiwe linafuata. Heshima ya askari wa zimamoto katika miji yetu huharibikia hapo, dakika kumi za mwanzo, pale watazamaji wanapoona mambo yenye sababu zake na kuyafasiri kwa hasira. Hasira yenyewe inaeleweka. Mali ya mtu inateketea. Lakini mengi yanayosemwa si kweli, na baadhi yanawaponza askari na wenye nyumba pia.

"Gari limekuja bila maji"

Hii ndiyo tuhuma kongwe kuliko zote, kwa hiyo tuanze nayo kwa hesabu.

Gari la kuzimia moto hukaa kituoni tangi likiwa limejaa. Lita moja ya maji ina kilo moja, hivyo tangi la lita 5,000 ni tani tano. Tangi likijaa nusu, maji yanacheza ndani, na gari likikata kona kwa kasi yanaweza kulilalia upande mmoja hadi lipinduke. Vizuizi vilivyomo ndani ya tangi hupunguza mchezo huo, haviumalizi. Dereva anayejua kazi yake hapendi kuondoka na tangi la nusu, hata angekuwa hajali moto wenyewe.

Sasa mpira mmoja mkubwa wa kuzimia moto hutoa kama lita 400 hadi 500 kwa dakika. Ikifunguliwa mipira miwili, lita 5,000 zinakwisha kwa dakika tano au sita. Gari dogo la lita 2,000 halifikishi dakika tatu. Baada ya hapo linahitaji boza la kuliongezea, haidranti ya jirani (bomba la mtaani la kujazia magari ya zimamoto), au kisima, mto, hata bahari. Aliyefika dakika ya nane anakuta mipira imelala, askari mmoja yuko kwenye redio, wengine wamesimama. Anachokiona ni kweli: maji hayapo. Anachokosea ni kudhani hayakuwapo.

Haidranti ndipo lawama ilipopaswa kuelekezwa mara nyingi. Ziko za kusimama na ziko zilizofukiwa chini ya kifuniko cha chuma kando ya barabara. Katika miji mingi baadhi zimefunikwa na lami mpya, nyingine zimejengewa vibanda juu yake, nyingine bomba lake liko kwenye mgao siku ya tukio. Meza ya chipsi juu ya kifuniko kile inaweza kuligharimu gari safari nzima ya kurudi kujaza maji, na huko ni kwenda na kurudi ndani ya foleni.

Kuna na sababu ya pili ya tuhuma hii, nayo haizungumzwi sana. Mpira hutandazwa ukiwa mtupu. Mpira wa kipenyo cha milimita 70 na urefu wa mita 20 ukijaa hubeba karibu lita 77 za maji, yaani kilo 77 bila kuhesabu mpira wenyewe. Ule mwembamba wa milimita 45 hubeba kama kilo 32. Ni vigumu sana kuburuza mpira uliojaa kupanda ngazi za ghorofa ya tatu na kukata kona mbili za korido. Kwa hiyo askari anakimbia na mpira mtupu, anafika mahali pake, anashika nozeli, yaani mdomo wa mpira, sawasawa, ndipo anatoa ishara. Mwendesha pampu naye hafungui kwa pupa. Anahamisha nguvu ya injini kwenda kwenye pampu, kisha anapandisha msukumo polepole, kwa kuwa maji yakija kwa kishindo yanaweza kumwangusha aliyeshika nozeli. Kwa mtu aliyeko nje, hizo sekunde ni za "kuzubaa".

Tukiwa bado kwenye mpira: usiukanyage kwa gari wala pikipiki. Bodaboda anayepita juu ya mpira uliojaa anaubana kwa ghafla, msukumo unaruka, na mpira unaweza kupasuka au kuchomoka kwenye kiungo. Aliyeko ndani ya moshi anabaki na nozeli isiyotoa kitu, wakati maji yale ndiyo yaliyokuwa kinga yake.

"Wanamwagia nyumba isiyoungua"

Ndiyo, na wanajua wanachofanya. Nyumba ya mabati na mbao ambayo tayari imeshika moto vyumba vyote haiokoleki kwa maji yaliyopo kwenye tangi moja. Ya jirani, iliyo mita mbili kutoka hapo, inaokoleka. Joto linasafiri bila kuhitaji mwali kugusa: mbao za jirani zinaanza kutoa moshi zenyewe, pazia linashika dirishani, na mtaa unaondoka. Kulowesha ukuta na paa la jirani ni kukata njia ya moto. Ni uamuzi mchungu kwa mwenye nyumba inayoungua, na kiongozi wa kikosi anaufanya huku akitukanwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kuvunja madirisha na kukata mabati. Moshi wa moto ni kama mafuta: nao unawaka, unasubiri hewa tu. Askari hutoboa paa mahali walipochagua, mpira ukiwa tayari, ili joto na moshi vitoke juu badala ya kusambaa vyumbani. Kinachoharibu ni pale watu wenye nia njema wanapovunja kila mlango na dirisha kabla maji hayajafika. Moto uliokuwa umedhoofika kwa kukosa hewa unaamka kwa kishindo. Ukitoka kwenye chumba kinachoungua, na hakuna mtu ndani, funga mlango nyuma yako. Hilo moja linawapa askari dakika wanazozihitaji kuliko ndoo ishirini za mchanga.

"Wanachelewa makusudi"

Saa ya moto haianzi pale ulipopiga simu. Chumba chenye godoro na makochi ya sponji kinaweza kufika hatua ya kila kilichomo kushika moto kwa pamoja ndani ya dakika tatu hadi tano tangu mwali wa kwanza. Kwa kawaida watu hutumia dakika hizo hizo kuhangaika wenyewe, kutoa televisheni, kumwita mwenye nyumba, kisha ndipo mmoja anauliza, "Namba ya zimamoto ni ngapi?" Gari lingekuwa limeegeshwa mtaa wa pili, bado lingekuta moto mkubwa.

Tanzania namba ni 114, nayo haina malipo. Kenya piga 999 au 112. Huko Katiba ya 2010 imeiweka kazi ya kuzima moto chini ya serikali za kaunti, hivyo idadi ya magari na hali yake ni suala la bajeti ya kaunti yako, na swali la kumuuliza mwakilishi wako wa wadi ni hilo.

Ukipiga, anayepokea anahitaji mambo haya, na yafuate mpangilio huu kwa sababu simu inaweza kukatika: eneo na mtaa, alama inayojulikana (msikiti, shule, kituo cha daladala), kinachoungua, kama kuna watu ndani, kama kuna mitungi ya gesi au mafuta, na njia inayopitika kwa gari kubwa. Usikate kabla yake. Kisha mtu mmoja aende akasimame barabarani kulipokea gari. Katika mitaa isiyo na vibao, huyo mtu ana thamani kuliko wapiga simu kumi.

Gari lenyewe lina upana wa kama mita mbili na nusu bila vioo, na uzito wake ukijaa unaweza kupita tani kumi na tano. Haliwezi kufanya lile linalofanywa na gari dogo kama Noah. Njia iliyobanwa na magari yaliyoegeshwa pande zote, waya za umeme zinazoning'inia, geti la chuma lenye boriti juu, vyote hivyo vinalisimamisha. Ukisikia king'ora nyuma yako, washa indiketa, sogea pembeni, simama. Usikimbie mbele yake kujifungulia njia, na usilifuate kwa nyuma ukipenya foleni.

"Wana oksijeni na nguo zisizoungua, wanaogopa nini?"

Mtungi ulio mgongoni ni wa hewa ya kawaida iliyoshindiliwa. Oksijeni tupu karibu na moto ingekuwa hatari mpya. Mtungi wa lita 6.8 uliojazwa hadi baa 300 (baa ni kipimo cha msukumo) una lita kama 2,000 za hewa. Mtu aliyetulia angekaa nao muda mrefu, lakini askari anayepanda ngazi na kuburuza mpira anaweza kutumia lita 60 au zaidi kwa dakika. Filimbi ya tahadhari hulia mtungi ukibakiwa na baa 50 hivi. Piga hesabu: kazi ngumu haifiki nusu saa kabla ya filimbi, na ndani ya muda huo kuna kuingia, kutafuta, na kutoka. Ukiona askari anatoka "mapema", kuna uwezekano mkubwa ametoka kwa saa yake sahihi.

Koti na suruali vina tabaka: la nje linalostahimili mwali, la kati la kuzuia maji, la ndani la kukinga joto. Vinamnunulia askari muda, havimfanyi chuma. Jasho lililonaswa ndani likipata joto kali linageuka mvuke na kumbabua. Vazi na mtungi pamoja vinafika kilo ishirini na zaidi, na kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa mwili unachemka hata kabla ya kuukaribia moto.

Halafu kuna masizi. Picha ya askari mwenye koti jeusi na uso uliochafuka tunaipenda, tunaiita ya shujaa. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kazi ya uzimamoto katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Masizi hupenya kwenye ngozi, hasa shingoni, na huendelea kutoa sumu ndani ya gari wakati wa kurudi. Kwa hiyo askari anayesafishwa vazi lake palepale kwenye tukio, na kituo chenye seti ya pili ya mavazi, ndivyo vya kupongezwa. Ukitaka kuwachangia kama taasisi, seti ya pili ya mavazi inafaa kuliko cheti cha ukutani.

"Kusipoungua, wamelala tu"

Kikosi cha Tanzania kinaitwa Jeshi la Zimamoto *na Uokoaji*, na sehemu hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Mtu aliyetumbukia kisimani, aliyebanwa kwenye basi lililopinduka, waliozingirwa na mafuriko, wote ni wao. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, kazi ya kutoa watu kwenye vifusi haikuwa ya mipira ya maji hata kidogo. Zamu ikibadilishana kituoni, pampu inawashwa, msukumo wa mitungi unasomwa mmoja mmoja, barakoa zinajaribiwa kama zinavuja, mipira iliyotumika jana inaoshwa na kuanikwa.

Na kuwaita hakulipiwi. Watu huchanganya na tozo ya ukaguzi wa kinga ya moto, ambayo hulipwa na wenye majengo na biashara. Anayesita kupiga 114 akiogopa bili anaogopa kitu kisichokuwapo.

"Maji yanazima kila moto, wanangoja nini?"

Wanangoja umeme ukatwe, kwa sababu mkondo wa maji unaweza kuurudisha umeme mkononi mwa aliyeshika nozeli. Kwenye petroli, maji yanazama chini na petroli inaelea juu ikisambaza moto, ndiyo maana wanatafuta povu. Kwenye mafuta ya kupikia yanayowaka, maji yanageuka mvuke papo hapo, unaovimba karibu mara 1,700, na kuyarusha mafuta hadi darini. Hapo ni kuzima jiko na kufunika sufuria.

Lori la mafuta likipinduka na askari wakawasukuma watu nyuma, daima kuna anayesema wanataka kuchota wao. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya mia moja walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na kulipuka wakiwa wanachota. Mvuke wa petroli hauonekani vizuri, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka ukutane na cheche. Injini ya pikipiki inatosha.

"Moto umezimwa, sasa wanaharibu vilivyobaki"

Mwali ukiisha, kazi ya kuchosha ndiyo inaanza. Wanafukua majivu, wanabomoa dari iliyobaki, wanatupa magodoro nje. Sponji na pamba hushikilia moto ndani kwa saa nyingi bila kuonyesha mwali, kisha usiku wa manane, gari likiwa limeondoka na familia imerudisha vitu, unaibuka tena. Godoro lililoungua pembeni lisirudishwe ndani hata kama upande mmoja ni mzima. Lipasue, lilowe hadi katikati, likae mbali na ukuta. Kabla hawajaondoka, mpe kiongozi wa kikosi jina na namba ya simu ya mwenye nyumba, na umuulize taratibu za kupata taarifa ya tukio, kwani kampuni ya bima itaidai.