Je, wajua kwa nini mstari mmoja wa kuzuia unaweza kukata mtandao mzima?

Msimamizi wa mtandao wa shule hataki kompyuta za wanafunzi ziifikie seva ya mitihani. Anaingia kwenye swichi ya Cisco (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao) na kuandika orodha ya ruhusa na makatazo, yenye mstari huu unaozizuia anwani za wanafunzi kuifikia seva:

access-list 110 deny ip 192.168.20.0 0.0.0.255 host 192.168.10.5

Anaifunga orodha hiyo kwenye VLAN 20, yaani sehemu ya mtandao iliyotengwa kwa kompyuta za wanafunzi, upande wa kuingia. Seva inazibwa kweli, ila intaneti nayo inakatika, na printa iliyo VLAN nyingine haipatikani tena.

Sababu ni kwamba orodha ina mistari miwili, na wa pili hakuuandika yeye. Kila orodha ya aina hii kwenye Cisco huishia na katazo lisiloonekana: kisichotajwa, kitupwe. Hata amri ya show access-lists hailionyeshi. Swichi husoma kutoka juu kwenda chini, na pakiti (kipande cha data kinachosafiri) ikishalingana na mstari mmoja, iliyobaki haisomwi. Pakiti za intaneti hazikulingana na mstari wa kwanza, zikaangukia katazo la mwisho. Dawa ni kuongeza chini yake:

access-list 110 permit ip any any

Mstari huo ukiwekwa juu, kila kitu kitapita na katazo la seva halitafikiwa kamwe.

Kuna mtego mwingine unaosumbua zaidi. Mtu huona any (yaani anwani yoyote) ni pana mno, akaruhusu anwani za VLAN 20 pekee. Asubuhi hiyo kila aliyekwisha kuunganishwa anafanya kazi vizuri, lakini kompyuta inayowashwa upya haipati anwani. Kompyuta isiyo na anwani huiomba kwa kujitambulisha kama 0.0.0.0, na 0.0.0.0 haimo kwenye orodha. Kama seva ya DHCP, ile inayogawa anwani, iko VLAN nyingine, ombi hilo hufia mlangoni. Lazima uruhusu pia UDP, itifaki inayobeba ombi hilo, kutoka poti 68 kwenda 67.

Kwa nini Cisco wakachagua ukali huu? Naona walichagua vyema. Ukisahau kuruhusu, simu zitaanza kulia ndani ya dakika chache. Ukisahau kuzuia, hakuna atakayekupigia, na aliyeingia kwenye seva ya mitihani ndiye wa mwisho kukuambia. Swichi za Huawei hazifanani na hizi: kwenye traffic-filter, amri yao ya kuchuja pakiti, kisichotajwa hupita. Kwa hiyo usihamishe orodha kutoka huku kwenda kule bila kuisoma upya.

Na kama unafanya kazi ukiwa mbali, andika kwanza reload in 10. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya baada ya dakika 10 na kurudi kwenye mipangilio iliyohifadhiwa, mradi hujahifadhi mabadiliko. Mambo yakienda sawa, andika reload cancel, ndipo uhifadhi.